Mstari Wenye Jina Lako

Kwako Kaka,

Salamu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na wifi na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira imenifika hapa shingoni, na kwa kuwa simu zangu hupokei, utanisoma kwenye karatasi.

Sijasahau kwamba kazi hii ulinitafutia wewe. Ningesahau vipi, na kila tukikaa mezani kwa mama unaitaja kabla sahani hazijafika? Ulinifundisha kuingia kwenye seva moja moja, kubadilisha mipangilio kwa mkono, kutoka, kuingia nyingine. Ofisini wakakuita Daktari wa seva, ukavimba kichwa. Nilipoanza kujifunza kuandika mipangilio yote kwenye faili moja, ili programu izipitie seva zote na kuziweka sawa yenyewe, ulisema mbele ya watu kwamba nasomea uvivu. Nilicheka nao. Iliniuma.

Nilikuomba, nikakusihi: ukigusa seva kwa mkono niambie, niandike kwenye faili, maana programu haijui kaka wala dada, ikipita inarudisha kilichoandikwa tu. Ukanijibu kwamba huwezi kutoa ripoti kwa mtoto uliyembeba mgongoni.

Ikaja ile seva ya miadi ya kliniki. Kila siku mchana inakataa watu, na kila siku naitwa mimi. Meneja akanipa mpaka Ijumaa nipate chanzo, la sivyo programu itupwe na mimi niifuate. Nikaikagua mpaka macho yakaniwasha, wewe ukipita nyuma ya kiti changu unapiga mluzi. Mimi ndiye niliyepokea simu ya muuguzi siku mwanamke mmoja aliporudishwa nyumbani akiwa na mtoto mwenye homa, kwa kuwa miadi haikufunguka. Jioni hiyo mama akanipigia, akaniambia nikuombe radhi na nifuate njia yako. Nani alimpa maneno hayo, kama si wewe?

Aliyeniokoa ni wifi, na wala hakujua. Tukiosha vyombo kwenu, alinisimulia kama kichekesho: asubuhi unaongeza kikomo cha watu wanaoweza kuingia kwenye seva ile, mchana programu yangu inakishusha, nawe unanyamaza makusudi ili nionekane sijui kazi. Alicheka peke yake.

Nilikiandika kikomo chako kwenye faili, mstari mmoja tu, na seva ikatulia. Meneja akauliza ilikuwaje. Nikamweleza yote, na jina lako nikalitaja.

Hili la mwisho nalisema mwenyewe, usije ukamlaumu mtu mwingine. Meneja alitaka kukuonya tu. Kukufungia ni wazo langu. Kwenye faili ile, juu kabisa ya majina ya wanaoruhusiwa kuingia, lilikuwapo lako. Nililitanguliza kwa heshima, wewe ni mkubwa wangu. Leo nimelifuta. Programu imeshapita, na hakuna seva hata moja inayokujua. Jumatatu usihangaike na nywila. Ukitaka kubadilisha kitu, niandikie ombi kama wenzako wote, nami nitalisoma.

Wabusu watoto. Wifi usimgombeze. Mama nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mvivu