Msumeno Uliokwenda Upande

Langoni, Lamu
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Razan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali zenu huko Maskati? Mumeo hajambo? Na ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua, umetulia? Sisi huku alhamdulillahi, wazima wote, ila mimi goti langu moja siku hizi lina kiburi, ngazi hupanda likitaka lenyewe.

Najua unangoja habari moja tu, ya ule mnazi wa Siyu ulioinamia jiko la bibi yako. Uliandika kwamba mwezi ukiisha na mnazi bado upo, utamchukua mama yangu akakae nawe ghorofani. Barua nilikwenda Siyu nikamsomea. Akaenda kukuna nazi ambayo hakuna aliyeitaka. Basi nikarudi Langoni, nikauchukua ule msumeno mdogo wa mashine ulionitumia, nikautia makali, nikapanda boti tena.

Misumeno mimi naijua, Razan. Wajua mwenyewe niliwahi kuangusha mti wa mkungu pale Ras Kitau, mnene kiasi ng'ombe wawili wangejificha nyuma yake, nikaulaza na paka aliyekuwa kivulini asiamke. Lakini huu mdogo ulinishangaza. Nilianza kwa kuujaribu kwenye gogo. Ukaingia vizuri, ulipofika katikati ukapinda kulia, kama mtu aliyekumbuka kitu dukani. Nikasema ni mti huu. Nikahamia upande wa pili wa gogo, nikakata tena. Kulia! Kulia kwangu, vilevile. Basi si mti. Nikasema labda ni mkono wangu, nikampa jirani. Naye kulia. Nikakaa nao mapajani naugeuza na kuugeuza. Kitu gani ndani ya chuma kinachojua kulia na kushoto?

Na jambo lenyewe si la kucheka. Ukiangusha mti, unaacha kipande chembamba katikati bila kukikata, na hicho huwa kama bawaba ya mlango. Mti hufuata bawaba. Msumeno ukienda upande, bawaba inabaki nene huku na nyembamba kule, na mti unajizungusha unaangukia unakotaka wenyewe. Huu wetu ulikuwa ukilitaka jiko.

Nikaona dawa ni kuvisha mnyororo mwingine. Mpya niliuacha nyumbani dirishani, na juu yake tupa ya kunolea. Nikampigia mke wangu Hindu simu anitumie vyote viwili kwa boti ya kesho, na wajua simu za kule, maneno hufika vipande vipande. Nikapiga tena kuhakikisha.

"Umeiona tupa?"

"Nimetupa."

"Umetupa nini?"

"Si ulisema tupa, dirishani, mnyororo? Nimetupa. Na kile kichuma kilichokuwa juu yake nacho. Punda wa taka ameshapita, hata usijali."

Nikamwambia Hindu, tupa ile ni tupa! Akanijibu, "Bwana Shuaib, nami ndivyo nilivyosikia."

Sasa pale Siyu yupo bwana mmoja sonara, Zaki, mtengeneza pete na vipuli. Ana tupa za mviringo za kila namna, nyingine nyembamba kuliko kalamu. Nikamwekea mnyororo mezani. Akauinua kwa vidole viwili. "Mkufu wa bibi harusi gani huu?" Kisha akaweka jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akalitazama jino moja moja, akaacha mzaha.

"Meno ya kulia marefu, ya kushoto yameliwa. Nani aliyenoa?"

"Fundi mmoja wa Langoni."

"Fundi huyo upande mmoja ananoa, upande wa pili anapapasa."

Sikumtaja fundi. Lakini wallahi nilifurahi kuliko mtu aliyeokota lulu! Kumbe mnyororo huvutwa na upande wenye meno marefu. Mkono wangu una nguvu mno nikinoa upande wa kushoto, nilikuwa nayamaliza meno bila kujua. Fundi dhaifu hawezi kupata kosa hili.

Tukatafuta jino fupi kuliko yote, tukayashusha mengine yalingane nalo. Tupa inasukumwa mbele tu, kwa mlalo mmoja, kurudi unaiinua. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachoamua jino liume kiasi gani. Vinundu hivyo tukavipitia kwa tupa bapa, mara mbili tu, maana ukivishusha sana msumeno unarukaruka kama mbuzi. Kisha kukaza mnyororo. Usining'inie, usibane, ukiuvuta kwa kidole uzunguke bila kugoma. Nikarudi kwenye gogo. Mwanzo msumeno ulikuwa ukitoa unga kama wa ngano. Safari hii ukatoa chicha, vipande vyeupe kama nazi iliyokunwa, na mkato umenyooka kama mstari wa daftari.

Siku ya mnazi tulifunga kamba juu, wanaume wanne wakaishika upande wa shamba. Bibi yako hataki kutoka jikoni. "Mnazi huu wanijua, na ndia yake waijua." Nikamwambia, "Mama, mnazi waijua njia, mimi je?" Akatoka na sufuria yake, akakaa kwenye ua. Nikakata kama mtu akataye halua. Bawaba ikabaki sawa pande zote. Mnazi ukalia, ukainama, ukalala shambani, na hata kuti moja halikugusa paa.

Tukautoa moyo wa mnazi, ule mlaini wa kileleni, tukampa. Akala kwa mkono, taratibu, akitazama pale palipo wazi sasa. Halafu akaniambia nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie Razan nitakuja kumtembelea nikitaka mwenyewe. Mti hauniondoi kwangu."

Basi mwanangu, mnazi nimeukata. Tiketi usikate.

Nisalimie mumeo, na Hadil na Taufiq wadogo, waambie babu yao wa Langoni anawadai busu. Hindu anakusalimu sana. Zaki naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie riziki, na atukutanishe katika kheri.

Wako akupendaye,
Mjomba wako Shuaib