Gobore la Kagoma

Jumatatu, 5 Februari
Palizi tangu alfajiri. Nyani wameng'oa mahindi tena, mistari minne. Nimegonga debe tupu kuwafukuza. Wameshalizoea. Kwa jirani yangu Kagoma ni hivyo hivyo. Tangu polisi wakusanye magobore ya kijiji kizima kwa sababu ya majambazi, hatuna cha kuwatishia. Vibali tulikuwa navyo wote wawili. Ndiyo maana tulishtaki pamoja. Hukumu Alhamisi.

Alhamisi, 8 Februari
Mahakama Kuu ilijaa. Jaji alisoma polepole. Kumnyang'anya raia silaha yenye kibali bila kumsikiliza ni kinyume cha sheria. Kagoma arudishiwe. Kisha mimi. Mimi ni mkimbizi wa Burundi; kibali changu kilitolewa kimakosa. Langu libaki polisi.

Nilivuka kuja huku nikiwa mgongoni mwa mama. Sijui kulima kwingine.

Nje watu walibishana. Wengine walishangilia. Wengine walisema bunduki zimezidi tayari mkoani, hata moja isirudi. Kagoma hakushangilia. Aliniambia, "Nyani wa kwako nitawafukuza mimi." Nilimwacha pale, nikaenda zangu.

Nina kijicho. Ndivyo ilivyo.

Jumapili, 11 Februari
Jana Kagoma alilichukua gobore lake. Leo baada ya ibada wanaume wamejaa kwake, wanalishikashika. Sikwenda. Mkewe, Mama Jeni, hana raha. Anasema mwenye bunduki hujulikana mpaka porini kwa majambazi.

Sokoni Katonga nilisema mbele za watu kwamba gobore lile halitamfaa. Maneno mabaya. Nimeyasema.

Jumanne, 13 Februari
Wamemuua Kagoma.

Saa nane mchana, kwenye njia ya kushuka Katonga. Watu watatu wenye bunduki za SMG. Walitaka gobore, akakataa kuliachia. Wameondoka nalo.

Mimi nilikuwa shambani kwake, namsaidia Mama Jeni kung'oa maharage. Nilitaka nimsubiri mumewe, tupatane. Tulisikia mlio mmoja tu. Mama Jeni alisema, "Anawafukuza nyani." Tukaendelea kung'oa.

Jumatano, 14 Februari
Hakuna aliyenisalimu "mwakeye" asubuhi. Wanasema waliomuua ni Warundi. Wanakumbuka nilichosema sokoni. Naona askari wawili wanapanda kuja huku. Naficha daftari.

Jumamosi, 17 Februari
Nimeachiwa. Siku tatu mahabusu. Kagoma amezikwa nami sipo.

Aliyenitoa ni Mama Jeni. Alikuja kituoni na kanga yake ya msiba, akamwamkia mkuu wa kituo, akakataa kiti. Alisema, "Huyu alikuwa shambani kwangu. Mume wangu alitoka kwa ajili yake."

Ndipo nilipojua. Kagoma alikuwa analipeleka gobore polisi kukaguliwa, na kuniombea ruhusa nilitumie shambani kwangu. Hakuniambia. Nadhani alikuwa akingoja nimsemeshe.

Tulirudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuniuliza maneno ya sokoni.

Jumatatu, 26 Februari
Mvua. Maharage ya Mama Jeni yamekwisha kung'olewa. Nimeyaanika ndani.

Polisi wanataka barua yake kuhusu silaha iliyopotea. Hajui kuandika, ameniomba mimi. Wamemwelekeza aanze na namba ya gobore, aina yake, siku lilipopotea. Nilimwuliza tuanzeje. Aliendelea kuchambua maharage.

Nimeandika: Mume wangu, Kagoma, aliuawa tarehe 13. Alikuwa na gobore.

Ameweka dole gumba.