Kilio cha Donatienne mbele ya kamera

Joyeuse, wacha kazi kidogo usome hii.

Donatienne wa kwaya yetu, mwalimu mkuu mzima kule Uvira, leo ameigiza mkimbizi aliyefiwa, kwenye ile tamthilia wanayorekodi hapa ughaibuni, mtaani kwetu Regent Park.

Alikuja na kitenge chake kizuri. Mwongozaji akamvisha matambara. Eti Mkongo akipendeza hivyo, watazamaji hawataamini. Hawataamini, Joyeuse. Mbele ya watu.

Kisha akamwambia alie kwa Kiswahili, maneno yoyote.

Donatienne akaomboleza kama kwetu msibani, akitaja matendo ya marehemu: "Ee wewe wa viatu vya njano, ulituvisha matambara, leo umekufa na hakuna wa kukulilia."

Mwenye viatu vya njano ni mwongozaji. Hakuelewa kitu. Machozi yalimtoka, na ameapa hatakata hata neno moja.