Uyoga kwenye Boriti ya Libuyu

Kasongo, Jumatano. Mvua tangu alfajiri.

Kwa heshima na taadhima nawatangazia ndugu wote, wa hapa na wa Kabambare: uyoga umeota kwenye boriti ya baraza yangu. Ni wa kijivu, mdogo kama kucha. Hakuna sherehe iliyopangwa.

Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza, wiki jana. "Baba Zaina, mboga iko inaota yenyewe. Nichume?"

Sikucheka. Boriti ile niliuziwa kuwa ni libuyu, mti wa mbao ngumu ambao zamani ulisimama nyuma ya kila kijiji. Leo wapasuaji wa mbao wanaufuata kwa pikipiki hadi misitu ya Kabambare, na mara nyingine wanarudi mikono mitupu. Libuyu hupandwa na babu, akauvuna kitukuu. Uyoga huu unataka mvua moja na gogo bovu, basi. Uchume leo, kesho umerudi kama shemeji aliyesahau kofia.

Na kila mtu hapa anajua kwamba libuyu hauozi.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, niliwaambia watu mlangoni mwa msikiti kwamba Fundi Sefu, seremala wetu, aliniuzia mti wa ovyo. Kufikia Jumatatu wazee walikuwa wamesitisha kazi ya milango ya msikiti waliyokuwa wamemwagiza Sefu.

Leo amekuja mwenyewe. Hakugomba. Alipanda juu ya benchi, akachoma boriti kwa kisu. Ukingo mweupe ukamomonyoka kama muhogo uliochemka. Chini yake, kwenye moyo wa kahawia, kisu kikagoma.

"Mwalimu, hii iko libuyu," akasema. "Kinacholiwa ni ule mweupe."

Akashuka, akaaga. Hakunikumbusha lolote, na hilo ndilo linaloniuma tangu asubuhi.

Maana ukweli ni huu. Siku ya kuchonga, Sefu alitaka kuutoa ukingo mweupe wote. Nikamzuia. Nilitaka boriti nene, wapita njia wajue mwalimu ana libuyu. Akaniambia mara mbili: "Mweupe ni chakula cha uyoga, Mwalimu."

Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayefundisha biolojia.

Ijumaa nitasimama mlangoni palepale niwaeleze watu walewale yote haya. Naogopa. Lakini hata hilo la biolojia nitalisema.