Miguu Mingi, Kitanda Hakuna

Kwako Bi. Blandina, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie mwanao, maana nakaribia kuachwa hata kabla sijaoa.

Mimi ni seremala hapa Mafinga, nina karakana na mafundi watatu, na kazi ninayo mpaka inanikimbiza, wateja wanatoka Igawa hadi Iringa mjini, na marehemu baba alinifundisha kwamba mteja asiondoke bila kuona mbao zake zimekatwa, kwa hiyo mtu akiagiza kitanda papo hapo namkatia miguu minne mbele ya macho yake, akiagiza kabati namkatia mbao za milango, naandika jina lake kwa chaki, anaondoka anacheka, kesho anakuja mwingine nakata tena, na ndivyo banda la nyuma lilivyojaa miguu yenye majina ya watu. Hata vile tulivyounganisha vinamsubiri fundi wangu Sedekia, ndiye peke yake mwenye mkono wa msasa na vanishi, tena anapaka nje kwa kuwa banda limejaa, na ukungu wa Mafinga unaujua, vanishi haikauki, anafuta anapaka upya. Simu nimeanza kuiogopa, hasa ya Mama Edmund wa Iringa aliyeagiza kabati, ana sauti kali huyo mama, akipiga nampa Sedekia aseme bosi yuko msikitini, hata ikiwa saa nne asubuhi.

Sasa mama, nimemchumbia Mwanaidi, ndoa ni baada ya Idi, na kwa desturi yetu kitanda ni juu ya bwana harusi, tena kwa seremala ndicho cha kwanza kuulizwa. Juzi shangazi yake, Bi. Amna, akaja kukikagua, nikamwonyesha miguu minne ya mninga imeegemea ukuta, imeandikwa MWANAIDI, akaitazama, akanitazama, akasema, "Kwa hiyo mwanetu atalala juu ya miguu, baba?" akaondoka hata chai hakunywa. Nikaona dawa ni mashine ya pili ya kukatia mbao, tukate haraka zaidi, nikamwomba Mwanaidi tusogeze harusi mbele ili akiba ya harusi inunue mashine, naye akanijibu, "Basi kaoe hiyo mashine, ikupikie." Tangu hapo hapokei simu yangu. Nampenda, mama, chakula hakipiti. Ninunue mashine niwamalize wateja ndipo nioe, au nifanyeje? Naomba jina langu lisitoke.

Fundi mwenye aibu, Mafinga

Marahaba, fundi. Pole sana, na ukishapoa, kaa nikukaripie. Najua kinyozi hajinyoi, ila wewe umezidi.

Mwanaidi ana haki ya kununa. Soma tena barua yako uniambie kazi inalala wapi. Kwenye kukata? Unakata mpaka umekosa pa kukanyaga! Kazi inalala kwa Sedekia. Vyote vinapita kwenye mkono wa mtu mmoja, nje kwenye ukungu, kwa sababu pa kukaushia umepajaza miguu. Ukileta mashine ya pili utapata miguu mara mbili, na Sedekia atabaki Sedekia yule yule. Karakana haiendi kwa mwendo wa anayekimbia, inakwenda kwa mwendo wa anayesubiriwa. Mkulima wa nyanya kule Ruaha Mbuyuni havuni shamba zima siku moja akiwa na gari dogo la kubebea, anajua zitamwozea. Mbao zako haziozi, ndiyo maana umechelewa kuona hasara.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na wateja wachache. Akikata leo, anaunganisha leo leo. Kwako, kukata mbele ya mteja kumekuwa pipi ya kumnyamazishia mtoto.

Kesho asubuhi ifunike mashine kwa turubai, asikate mtu. Toeni miguu bandani, ipangeni barazani, banda liwe la vanishi tu. Mafundi wako wawili wakakae kwa Sedekia wajifunze msasa, hauhitaji chuo, unahitaji subira. Ukungu ukiwepo pigeni msasa, jua likitoka pakeni vanishi. Malizeni vilivyoanzwa, na kisikatwe kingine mpaka kimoja kimetoka mlangoni. Baadaye, vile vitanda vya futi tano kwa sita ambavyo kila mtu anavitaka, viwe vinakaa tayari, ubakize ubao wa kichwani tu mteja achague maua yake. Na mteja mpya mwambie siku ya kweli. Akienda kwingine, mpungie mkono. Mshika mawili moja humponyoka, wewe umeshika ya wilaya nzima.

Akiba ya harusi usiiguse, na harusi haisogezwi. Kitanda cha kwanza kuingia bandani kiwe cha Mwanaidi. Kikikauka, mwite Bi. Amna aje akikalie yeye kwanza, ndiye atakayempigia Mwanaidi simu. Safari hii atakunywa chai.

Unaogopa wateja watakasirika? Ukiwaambia ukweli wataelewa. Mama Edmund wa Iringa ameshaelewa, na kabati lake anakuachia mpaka fungate liishe. Nina hakika, kwa sababu Edmund ni mwanangu wa kwanza. Jina lako nimelihifadhi kama ulivyoomba, lakini fungate likiisha nitapiga simu, na nisisikie uko msikitini saa nne asubuhi.