Ruhusa ya Papa Lambert

Kisangani, tarehe 3 Septemba 2025

Kwako ndugu yangu Valère,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, wewe na mama Grâce na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote, ile malaria ya mtoto wenu wa pili imekwisha, na shule yako imefungua milango bila matata. Ukiuliza habari zangu, bon, nakula, natembea, lakini siko mzima; usingizi umenikataa na suruali zote zimekuwa za mtu mwingine. Mama anakusalimia sana. Dada yako Fanny naye anasalimia. Ndiye anayempikia papa yenu huko Lubunga, ng'ambo ya mto, siku hizi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ziko. Ni kwa sababu najijua. Neno likiwa zito, kwenye simu nitaanza kuuliza habari za mvua za Kindu, tutacheka, salio litakwisha, na neno litabaki kooni. Barua hii nampa papa Djuma, yule mwenye duka la vitenge anayepanda Kindu kila mwezi. Ameniapia kwa dini yake kwamba atakutia mkononi wewe mwenyewe.

Fanny amenisikilizisha ile sauti uliyomtumia. Ulisema jina la papa yako lisitajwe tena masikioni mwako, kwamba wewe ni Mkristo na mwalimu, huwezi kumfunika mzee aliyemtuma mtoto wa watu kwenye kifo. Valère, nakuomba usome mpaka chini kabla hujachana karatasi hii. Nitaanza mwanzo, kwa sababu najua habari ilikufikia vipandevipande.

Mwishoni mwa Julai tulikusanyika vijana thelathini na mmoja, viongozi wa makanisa mbalimbali ya mji: Waprotestanti, Wakatoliki, watu wa uamsho, hata wawili waliogombana na makanisa yao wakawa hawana pa kusali. Tulikaa siku nne katika darasa la shule moja hapa commune ya Kisangani, juu ya mabenchi ya watoto, magoti yakigonga mbao. Aliyetuita ni dada Clothilde, mwanamke wa Maniema, mfupi, lakini sauti yake ingeweza kupanga askari mstari. Alituuliza: watu wakikimbia vita, mvua ikang'oa paa, mchungaji naye akahama, kanisa linabaki nini? Alitaka tutafute sura mpya za kanisa, kanisa linalokwenda pale watu walipo badala ya kuwangoja waoge na kuvaa viatu.

Eh, ungefurahi, ndugu yangu! Désiré, ambaye anabeba abiria kwa baiskeli, yaani toleka, alisema yeye na wenzake wanasali dakika kumi kila alfajiri kwenye parking yao, mguu mmoja kwenye pedali. Benie alikuwa msusi. Alisema mwanamke akisukwa anakaa saa nne bila kutoroka, na hakuna mchungaji Kisangani nzima mwenye waumini watulivu hivyo. Tulicheka mpaka dada Clothilde akapiga meza. Lakini Benie hakuwa anatania. Alikuwa na wanawake saba, wengi wao wakimbizi, waliokuja chumbani kwake wakisukwa na kusali hapo hapo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mama Georgette anayeuza lituma ya ndizi karibu na soko.

Mimi nilisimama nikasema Kanisa la Maji. Kanisa la wavuvi, pale pale Wagenia kwenye maporomoko, bila ukuta wala paa, ibada ikifuata saa za mitego na si saa za mchungaji. Walinipigia makofi mpaka vumbi likashuka dirishani. Na unanijua, makofi yananilevya kuliko lotoko. Wakanichagua niliongoze, na wakakubaliana kwamba siku ya nne tutalianzisha kwa ubatizo. Benie akanyanyua mkono. Alisema alibatizwa kwa matone akiwa mchanga na hakumbuki kitu. Anataka kuzamishwa mzima, awe wa kwanza.

Nilichagua ile nafasi chini ya nguzo za mitego za papa yako, pale maji yanapotulia, tulipojifunza kuogelea wewe na mimi. Dada Clothilde si mtu wa mto, lakini ana akili. Akauliza mwenye mahali ni nani, nikamtaja papa Lambert. Nikawaeleza desturi yetu: kila familia ina sehemu yake katika maporomoko, na hutii mguu katika sehemu ya mwenzako kabla hujapita kwake kumwambia. Mwenyewe anakuja na wewe, anakuonyesha jiwe la kukanyaga. Ni kubisha hodi tu, hakuna zaidi. Lakini kulikuwa na kijana mmoja wa uamsho, Merdi, mwenye tai hata kwenye jua kali. Akasema kumwomba mzee wa mto ruhusa ya mto ni kuomba mizimu. Ubishi ukawaka, huyu anasoma mstari, yule anasoma mwingine. Dada Clothilde akaumaliza: Bonheur ni mtoto wa hapa, aende kwa papa Lambert jioni, alete jibu. Asubuhi niliwaambia papa Lambert amekubali, amesema maji ni mazuri, na kwamba mimi napajua, hana haja ya kuja.

Ilikuwa kiangazi, mto ulikuwa umepungua. Niliingia wa kwanza, maji yakanifika kiunoni. Benie akafuata na gauni jeupe, akapiga kelele kwa baridi, akacheka. Wenzetu waliimba kwenye mawe. Nilimshika mgongo nikamlaza, nikataja jina la Baba, na la Mwana. Sikufika kwa Roho Mtakatifu. Maji yalimvuta, tena si kwenda kando, kwenda chini, na mimi nikabaki na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Wavuvi waliruka na mitumbwi, walitafuta mpaka jua likazama. Walimpata siku ya tatu, upande wa Lubunga.

Baadaye wavuvi walieleza. Juma moja kabla, papa yako alikuwa ameng'oa nguzo mbili zilizooza ili asimike mpya. Nguzo zile ndizo zilizokuwa zikivunja nguvu ya maji. Juu palionekana pametulia vile vile, chini palikuwa na shimo linalovuta. Majirani wote walijua, maana papa yako alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watoto wasiogelee pale. Mimi nilikuwa nimehamia mjini na vitabu vyangu, sikujua.

Kwenye matanga, tonton Rolly, kaka wa mama Georgette, alinisimamisha mbele ya watu wote, maiti iko hapo. Aliuliza ni nani aliyesema maji ni mazuri. Nikajibu: papa Lambert. Mungu wangu! Hata sikumaliza kukaa. Vijana walishika mapanga, wakaenda kukata nguzo zake zote, vikapu vyake vikachukuliwa na mto. Walisema mzee aling'oa nguzo kusudi, akamtoa msichana kwa maji ili apate samaki.

Kesho yake chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, akaitisha kikao, akiogopa wasije wakamuua. Walimuuliza papa yako kama alijua pale pana shimo na bado akaniruhusu. Alinitazama. Unamjua, anabishana hata na redio ikisoma matokeo ya mpira. Siku ile hakubishana na mtu. Akasema: "Alikuya. Ni miye nilimuruhusu." Akaongeza kwamba ni uzee, alisahau habari ya nguzo. Nani angeamini hilo la kusahau? Walimpiga kabla chef hajawafikia. Wakamvusha Lubunga kwa mtumbwi, wakamkataza asikanyage tena ng'ambo hii. Ndiyo habari uliyoipata wewe, na ndivyo mji mzima unavyoijua.

Sasa sikiliza, Valère. Mimi sikwenda.

Nilitoka shuleni saa kumi na moja jioni, nikafika mpaka kwenye kona ya nyumba yenu. Nilimwona papa yako mlangoni, anasokota kamba za mitego, anajiimbia. Zilibaki hatua kama ishirini. Halafu nikamwona Merdi na wenzake wawili wanakuja barabarani. Nikaona aibu. Nilifikiri watasema kiongozi wa kanisa jipya kaenda kupiga magoti kwa mizimu. Nikajiambia, pale ninapajua tangu utoto, kwani maji yamebadilika? Nikageuka, nikawasalimia akina Merdi, nikaenda nao kununua mikate. Ni hivyo tu. Hakuna shetani aliyenishika mkono, hakuna ndoto niliyoota. Angeniona, angeniambia habari ya nguzo kabla sijamaliza kusema hodi, na Benie angekuwa anasuka watu leo.

Uongo wa kwanza niliusema kwa aibu. Ule wa pili, pale matangani, niliusema kwa woga, nikiona macho ya tonton Rolly. Huo wa pili ndio unaoninyima usingizi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona Benie akitolewa majini, na bado nikausema.

Juzi nilivuka kwenda Lubunga. Papa yako amelala katika chumba cha Fanny. Kifua kimevimba, anatema damu. Muuguzi amesema apelekwe hospitali haraka, naye anakataa kuvuka kwa watu waliomfukuza. Nilipiga magoti nikamuuliza kwa nini alisema nilikuja. Kwanza alinitukana, matusi yake yale marefu ambayo zamani tulikuwa tunayakimbia tukicheka. Alikohoa, akapumzika. Kisha akasema mimi nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya maiti. Angesema hapana, wangenizika na Benie siku ile ile. Alisema alinifundisha kushika kamba nikiwa na miaka sita, hawezi kukaa anatazama nikikatwa. Yeye ni mzee, alifikiri watasita.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo limenikalisha mezani kuandika. Alisema mji ukiamini, basi, mji uamini. Lakini alikuwa na hakika kwamba wewe hutaamini. "Mutoto yangu anajua miye sichezaka na mayi." Kila mtumbwi ukifika kando anamuuliza Fanny kama umepiga simu. Fanny hajamsikilizisha sauti yako. Anamwambia Kindu hakuna umeme, simu zote zimezima, na mzee anakubali kwa kichwa.

Jana nilikwenda kwa mama Georgette, nikamwambia yote. Alikuwa anaponda ndizi za lituma, na hakuacha kuponda. Aliniuliza kitu kimoja, kama mtoto wake alisema neno lolote kule majini. Nikamjibu kwamba alicheka kwa sababu ya baridi. Akaniambia nitoke. Nikatoka. Wale wanawake saba wa Benie walikuwa wamekaa uani, vichwa havijasukwa, hakuna anayesali, hakuna anayeondoka.

Jumapili nitasimama kanisani mbele ya watu nisome maneno haya haya. Tonton Rolly atakuwepo na vijana wake. Dada Clothilde amenipigia simu, amelia, amesema nisiende peke yangu. Lakini nani atakuja na mimi? Kundi limetawanyika. Merdi anahubiri kwamba lilikuwa pigo la Mungu kwa waliogusa mambo ya mto. Ni Désiré tu aliyesema atanifikisha kwa baiskeli yake mpaka mlangoni. Sijui nitatoka vipi. Kwa hiyo barua inatangulia. Papa Djuma anaondoka Ijumaa, na lolote likinipata ukweli utakuwa umefika Kindu.

Sikuombi msamaha. Maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha wako ukinipa leo sitajua nauweka wapi. Ninachoomba ni kwa ajili ya papa. Ukiweza kuja, panda chochote kinachotembea, mtoe pale, mpeleke hospitali, wewe hatakukatalia. Ukishindwa, mpigie Fanny amwekee simu sikioni. Umwambie ulisikia maneno ya watu na hukuamini hata siku moja. Najua uliamini, nimekusikia kwa masikio yangu. Mwambie hivyo hivyo, Valère. Mimi nimesema uongo uliomfikisha hapo alipo, nawe nakuomba useme mmoja tu, kabla hajaacha kuuliza.

Nisalimie mama Grâce, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Wasalimie walimu wenzako wanaonikumbuka. Mama anasema Mungu awalinde safarini ikiwa mtasafiri. Usihangaike kunijibu mimi.

Ni mimi niliyekuwa ndugu yako,

Bonheur