Kizingiti cha Mjomba

Dada Zuhura, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kaunta ya duka la Mjomba hapa Shinyanga, maana chini ni maji matupu. Kila mwenye duka mtaani amejenga kizingiti cha saruji kuzuia mafuriko, na Mjomba, ubishi wake unaujua, akajenga cha kufika magotini. Jana maji ya mvua yakateremka kutoka mwinuko wa nyuma, yakaingilia mlango wa uani. Leo barabara imekauka, humu ndani vitenge vinaelea, maji hayana pa kutokea!

Nikamwambia, "Mjomba, tukivunje." Akanijibu, "Na mvua ikirudi?"

Tangu asubuhi nachota kwa sufuria peke yangu; mwenyewe katoka kutafuta saruji, ajenge na cha uani.

Nimewakumbuka mno. Msalimie Mama, na mniombee hiyo saruji aikose.

Mdogo wako,
Tatu